SOMO KWA VIKUNDI: MKANDA UKIKAA VIZURI, PUNDA ATADUMU



 Hapa mtaani kwetu Fedha, Embakasi, kati ya nyumba za mawe na mageti, punda si wengi. Lakini ukishika barabara ya Kangundo kuelekea Ruai na Kamulu, utakutana nao wakivuta maji, mchanga na majani ya ng'ombe. Tena wanachama wengi wana punda kwao nyumbani, Ukambani, Mwea au Limuru. Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: tukishanunua punda kwa mchango wetu, tumtunzeje asituharibikie mikononi?

Wengi hufikiria chakula na dawa. Ni kweli, hayo yanatakiwa. Lakini leo tusome mambo mawili yasiyohitaji pesa nyingi: mikanda inayomkaa punda vizuri, na mikono yetu wenyewe ya kumpiga brashi na kumkanda.

1. Kwa nini tujali?

Kidonda cha punda hakianzi kikubwa. Kinaanza na kamba inayosugua mahali pamoja. Kwanza nywele zinakatika. Halafu ngozi inapata joto na kuvimba kidogo. Baadaye inachubuka, na kesho yake punda anafungwa kamba ileile juu ya jeraha lilelile. Mwishowe anakaa wiki nyingi bila kazi, na mama aliyekuwa akiuza maji anarudi kubeba mitungi mgongoni mwake. Kwa hiyo kidonda cha punda ni shimo katika mfuko wa kikundi.

Na kumpata punda mwingine si jambo la mchezo. Kuanzia mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda hapa Kenya, Naivasha na Mogotio yakiwemo, na ngozi zikauzwa China kutengeneza dawa. Watu wengi waliamka asubuhi wakakuta punda wameibwa. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka 2021 mahakama iliiondoa marufuku hiyo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Mwenye punda leo ana mali. Asiiue mwenyewe kwa kamba mbaya.

Kuna sheria pia. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inasema ni kosa kumpakia mnyama kupita kiasi, au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana jeraha.

2. Teke ni lugha

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Lakini tujiulize: anapiga teke lini? Kama ni wakati wa kumfunga mkanda tu, huyo si mkorofi. Anasema, "Hapo panauma." Punda hufaulu sana kuficha maumivu. Hatalia kama mbwa. Kwa hiyo tazama mambo haya: masikio kulala nyuma, mkia kupigapiga wakati wa kufungwa, kukataa kuanza kutembea, kusimama kwa kuegemea upande mmoja. Ukiona mabaka ya nywele nyeupe begani au mgongoni kwa punda wa kijivu, jua hiyo mara nyingi ni alama ya kidonda cha zamani. Mkanda uliwahi kumla hapo.

3. Mikanda ikaeje?

Punda wa mkokoteni ana sehemu nne za kuangalia.

(a) Mkanda wa kifua. Huu ndio unaovuta mzigo wote. Uwe mpana, upana wa kiganja hivi, usiwe kamba nyembamba. Ukae chini ya koo ili asikabwe pumzi, na juu ya ncha ya mfupa wa bega ili mguu uende mbele bila kuzuiwa.

(b) Tandiko la mgongo. Liwe na mito miwili, mmoja kila upande, na katikati paachwe nafasi wazi juu ya uti wa mgongo. Uti wenyewe usiguswe na kitu. Ukiinama nyuma ya punda, uone mwanga ukipita chini ya tandiko.

(c) Mkanda wa tumbo. Ukae nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, umbali wa kiganja kimoja. Ukiwa karibu zaidi, kila hatua ni kusuguliwa.

(d) Mkanda wa nyuma, yaani breki. Wengi hawana kabisa. Bila huo, kwenye mteremko mkokoteni unamgonga punda miguuni. Upite mapajani kwa nyuma, chini ya mkia, usimbane wala kuning'inia hadi magotini.

Kipimo ni rahisi: pitisha vidole vyako, vikiwa bapa, chini ya kila mkanda. Vikipita bila taabu, sawa. Vikikwama, legeza. Mkanda ukiteleza huku na huku, kaza, kwa maana unaolegea pia husugua.

Je, mkanda utengenezwe na nini? Turubai la pamba, mkanda wa pamba uliofumwa, au ngozi laini iliyopakwa mafuta. Ndani shona kitambaa cha blanketi kuukuu. Usitumie waya, kamba ya nailoni wala katani tupu. Mpira wa tairi hupendwa kwa sababu hauishi, lakini haunyonyi jasho, na jasho likichanganyika na vumbi huwa kama msasa. Mwisho wa kazi ning'iniza mikanda ikauke, na ioshwe mara kwa mara. Jasho likikauka kwenye kitambaa hukifanya kigumu kama ubao.

4. Mzigo nao

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Punda anayebeba mgongoni asipite theluthi moja ya uzito wake. Chukua punda wa kilo 130: theluthi yake ni kilo 43 hivi, yaani mitungi miwili, mmoja kila upande. Minne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya mwili wake. Hebu ujipime wewe mwenyewe!

Kwa mkokoteni wa magurudumu mawili, panga mzigo juu ya ekseli. Ukizidi mbele, miti ya mkokoteni inakandamiza mgongo. Ukizidi nyuma, miti inainuka na mkanda wa tumbo unamkaba. Ukipangwa vizuri, unaweza kuinua miti kwa mkono bila kutoa jasho.

5. Dakika kumi za mikono

Farasi wa mbio kule Ngong Racecourse wana masaisi wa kuwapiga brashi na kuwatunza. Huko Ulaya kuna watu waliosomea kukanda farasi, na hiyo ndiyo kazi yao. Punda wetu anafanya kazi ngumu kuliko farasi wengi. Yeye naye apewe dakika kumi.

Asubuhi kabla ya kumfunga, mpige brashi kufuata nywele zilivyolala. Jiwe dogo au mwiba ulioshikwa na nywele chini ya tandiko ni mwanzo wa kidonda.

Jioni, akishafunguliwa na kunywa maji, weka kiganja kizima shingoni. Kanda polepole kwa mizunguko, ukishuka hadi begani, kisha kando ya mgongo hadi matakoni. Bonyeza nyama, usibonyeze uti wa mgongo. Linganisha upande huu na ule: kuna joto? Kuna uvimbe? Ngozi inatetemeka ukigusa? Akiteremsha kichwa, akalegeza mdomo wa chini na kupumua kwa nguvu, jua umefika mahali pake. Akihama au akitaka kuuma, umefika mahali panapouma, na hapo ndipo pa kuchunguza mkanda kesho.

Usikande juu ya jeraha, jipu au uvimbe wenye joto. Punda akichechemea ghafla au akiwa na homa, mwite mganga wa mifugo. Kukanda si dawa ya kila kitu.

6. Kidonda kikishatokea

Mpumzishe. Osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Usipake oili chafu ya gari, majivu wala maji ya betri. Kumbukeni ugonjwa wa pepopunda haukupewa jina hilo bure. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi, huingia kupitia jeraha, na punda hushikwa upesi. Chanjo ipo. Muulizeni ofisa wa mifugo. Kule Lamu, punda ndiye gari la mji, na tangu 1987 kuna kliniki ya kuwatibu bila malipo. Kwetu, kliniki ya kwanza ni macho ya mwenye punda.

7. Punda wa wote

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Jumatatu anamtumia huyu, Jumanne yule, na kila mmoja anadhani mwenzake amemwangalia. Tunashauri chagueni watu wawili wa zamu kila wiki. Kazi yao ni kumpapasa punda mwili mzima kila jioni na kuandika kwenye daftari. Wakiona ngozi imechubuka, wawe na mamlaka ya kusema, "Kesho hafanyi kazi," na hata mwenyekiti atii. Kisha kila mwezi wekeni akiba kidogo ya mikanda, kama mnavyoweka ya magurudumu.

Maswali ya kujadiliana

- Punda wetu ana mabaka meupe wapi? Yanatuambia nini juu ya mikanda yetu?
- Siku punda asipofanya kazi, nani anabeba mzigo wake nyumbani?
- Nani kati yetu anajua kushona, na tunaweza kuanza na mkanda gani?

Jaribuni kwa mwezi mmoja, halafu mtuandikie mmeona nini.