Somo: Oili ya Giaboksi ya Otomatiki Ibadilishwe Lini?



Matawi mengi yana gari la chama, au gari la kikundi cha akiba. Mara nyingi ni gari lililokwisha tumika Japani, nalo ni la otomatiki. Gari kama hilo likifa, hasara si ya mtu mmoja. Ni michango ya watu wengi iliyokatwa kidogo kidogo katika mishahara midogo. Kwa hiyo leo tunaleta somo juu ya jambo lililotugombanisha sisi wenyewe: gari likiwa kuukuu, oili ya giaboksi ibadilishwe lini, na lini iachwe?

YALIYOTUPATA

Sisi tunafanya kazi katika shamba la chai, magharibi mwa Uganda. Kutoka kambi za wachumaji mpaka hospitali ni vilima vitupu. Mwaka 2015 tulichanga tukanunua gari la kwanza la kubeba wagonjwa. Baada ya miaka miwili likaanza kuteleza: injini inanguruma, gari haliendi. Tukalipeleka kwa fundi. Akamwaga oili nyeusi, akatia mpya. Siku ya tisa gari likagoma mlimani, usiku, likiwa na mama mja mzito. Wenzetu wakambeba kwa machela mpaka barabara kuu. Alijifungua salama, lakini gari halikuamka tena.

Tukamlaumu fundi, tukakataa kumlipa ujira wake. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa katika tawi: gari kuukuu, usiguse oili.

Mwaka 2019 tukanunua gari jingine, Toyota Noah ya mwaka 2002. Mwaka 2021 lilikuwa limefika kilomita 148,000, na hakuna aliyejua oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Kamati ikagawanyika nusu kwa nusu. Wengine walitaka ibadilishwe, wengine wakakumbusha yaliyopita. Tulikuwa karibu kupiga kura. Ndipo mzee mmoja wa karakana ya kiwanda akasema, "Kura haipimi oili. Kapimeni kwanza." Tukaanza kujifunza.

KAZI YA OILI HII

Katika injini, kazi kubwa ya oili ni kulainisha na kupoza. Katika giaboksi ya otomatiki, oili ina kazi zaidi. Pampu huisukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayobana sahani za klachi ili gia ishike. Ndiyo inayopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi. Tena hulainisha, na huondoa joto kwa kupita katika rejeta.

Adui yake ni joto. Kupanda vilima na mzigo, kusimama na kuondoka katika foleni, kukwama katika matope, yote hayo huipika. Oili iliyopikwa hupoteza dawa zilizotiwa kiwandani, huacha utando katika vijia vyembamba, na klachi huanza kuteleza. Kuteleza huleta joto zaidi, na joto huipika oili zaidi.

KWA NINI GARI LA KWANZA LILIKUFA

Lilikuwa limeanza kuteleza kabla ya kumfikia fundi. Maana yake sahani za klachi zilikuwa zimekwisha lika. Oili mpya haiwezi kurudisha kilicholika. Watu huona gari limekufa baada ya kubadilishwa oili, wakasema oili mpya ndiyo iliyoua. Ni kama mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani mwezi mzima, kisha akafia hospitali, watu wakasema hospitali ndiyo inayoua.

NAMNA YA KUPIMA

1. Endesha gari mpaka lipate moto vizuri, kisha lisimamishe mahali tambarare.

2. Katika Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, injini huachwa inawaka. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote, urudi P. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa. Fuata kitabu cha gari lako.

3. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, chomoa tena. Oili iwe kati ya alama za moto. Ikipungua, tafuta inakovujia. Ikizidi, hutoa povu, na povu halibani klachi.

4. Dondosha tone juu ya kitambaa cheupe, uangalie na kunusa.

Nyekundu na safi: bado nzuri. Kahawia, bila harufu mbaya: imezeeka. Nyeusi, yenye harufu ya kuungua: imepikwa, na huenda klachi nazo zimeguswa. Yenye rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia, mara nyingi kutoka katika rejeta. Hiyo usiendeshe hata kidogo mpaka fundi aone.

Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana kijiti. Hayo hupimwa kwa chini, kwa joto maalumu, na ni kazi ya fundi mwenye kipimo.

NAMNA YA KUAMUA

Kwanza, kama gari linabadili gia vizuri na oili ni ya kahawia, badilisha. Usingoje dalili. Vitabu vingi hutaja kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na chini ya hapo kwa kazi nzito. Vilima vyetu na mizigo yetu ni kazi nzito. Hata pale panaposemwa kuwa oili ni ya maisha yote ya gari, mtengenezaji hakufikiria barabara ya kambini.

Pili, kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa kamwe.

Tatu, kama gari linachelewa kushika gia au linapiga teke, pima kiasi cha oili kwanza. Pengine imepungua tu. Kama kiasi ni sawa, kubadilisha kunaweza kusaidia, lakini hakuna ahadi.

Nne, kama linateleza waziwazi na oili imeungua, oili mpya si dawa. Fedha za oili zitunzwe kwa matengenezo ya giaboksi, na gari lisibebe mgonjwa tena mpaka litengenezwe.

NAMNA YA KUBADILISHA

Usikubali isukumwe kwa mashine ya presha katika gari kuukuu, kwa maana taka zilizotulia zinaweza kuhamia katika vijia. Mwaga kwa boliti ya chini, pima kilichotoka, rudisha kiasi kile kile. Tumia aina iliyoandikwa katika kitabu au juu ya kijiti. Letu limeandikwa Type T-IV. Giaboksi za CVT zina oili yake peke yake, usichanganye.

Oili haitoki yote, kwa sababu nyingine hubaki ndani ya konveta. Tuseme hutoka sehemu mbili katika tano. Basi ukirudia mara tatu, huku gari likitembea siku chache katikati, oili ya zamani itabaki kama sehemu moja tu katika tano. Sampu ikifunguliwa, tazama sumaku. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida. Oili chafu itieni katika madumu, isimwagwe mtoni.

TULIVYOFANYA

Oili ya Noah ilikuwa kahawia, bila harufu ya kuungua, na gia zilishika vizuri. Tulibadilisha mara tatu katika muda wa mwezi mmoja, tukaandika tarehe na kilomita katika daftari la gari. Daftari hilo hukaa kwa katibu, na kila mwanachama ana haki ya kulisoma. Gari hilo lilipanda vilima vile vile na wagonjwa bila kugoma.

Likabaki deni moja. Sisi ni chama cha wafanyakazi, na tulikuwa tumemnyima mfanyakazi ujira wake kwa kosa ambalo hakulifanya. Kosa lilikuwa letu, tuliochelewa miaka miwili bila kupima. Kamati ilikwenda kwa yule fundi na fedha zake. Alizihesabu, akasema, "Siku ile niliwaambia klachi zimekwisha. Hamkusikia." Ni kweli alituambia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari la tawi lenu lina daftari? Nani analiandika?
2. Gari linateleza, na oili inanuka kuungua. Mtafanya nini na fedha mlizo nazo?
3. Mashine za kiwandani hubadilishwa oili kabla hazijaharibika. Kwa nini sisi tungoje letu liharibike?