Kiharusi Kikigusa Koo na Ulimi: Vidokezo 9 kwa Wanaouguza Nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani, macho ya ndugu huwa kwenye mkono na mguu. Fimbo inanunuliwa, mazoezi ya kutembea yanaanza. Koo na ulimi husahaulika, na huko ndiko hatari kubwa inakojificha. Karibu nusu ya wagonjwa hupata shida ya kumeza siku za mwanzo, na karibu theluthi moja huvurugikiwa na lugha. Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya waliyoyagundua hufanyika jikoni na sebuleni, bila mashine yoyote.

1. Hajapimwa kumeza? Asipewe kitu. Hata maji, hata kidonge, hata kijiko kimoja cha uji "apate nguvu". Kuna kipimo chepesi kilichochapishwa mwaka 1992: mgonjwa aliye macho na aliyekaa vizuri hunywa maji kiasi cha mililita 90, huku muuguzi akisikiliza kama anakohoa au sauti inakuwa ya majimaji. Kipimo hiki ni cha hospitali, usikijaribu nyumbani. Kama hakikufanyika, ulizia kabla hamjaruhusiwa kuondoka.

2. Maji ni magumu kumeza kuliko uji. Wengi hudhani kinyume. Maji yana mbio. Koo lililolegea likichelewa kufunga njia ya hewa, yanakuwa yameshateremkia mapafuni. Ndiyo maana wataalamu hutumia kipimo cha kimataifa kiitwacho IDDSI, chenye ngazi 0 hadi 7: maji ni 0, chakula cha kawaida ni 7. Ukiambiwa ngazi ya 4, chota uji kwa uma, uunyanyue. Ukikaa juu kama kichuguu, pengine na mkia mfupi unaoning'inia chini bila kudondoka mfululizo, umepatia. Ukichuruzika katikati ya meno ya uma, bado mwepesi.

   Kisha kuna siri ya mate. Mate huvunja wanga, kwa hiyo kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi bakulini huupunguza uji uzito kabla mgonjwa hajashiba. Pakua kidogo kidogo. Ogopa pia vyakula vyenye majimaji na vipande pamoja, kama supu ya nyama au maharage yenye mchuzi mwingi: koo linapewa kazi mbili kwa wakati mmoja. Na usimfanyie mgonjwa kila kinywaji kizito bila kuelekezwa, maana wengi wanaopewa vinywaji vizito hunywa kidogo mno, mwili ukakaukiwa maji.

3. Akae wima, nawe ukae. Ukimlisha umesimama, atainua kidevu kukutazama, na njia ya hewa itazidi kuwa wazi. Kijiko kidogo, ameze kwanza, ndipo kingine. Mkimaliza, angalia ndani ya shavu la upande uliopooza. Chakula hubaki hapo bila yeye kuhisi. Asilale kwa nusu saa hivi.

4. Mswaki hulinda mapafu. Kama ningeruhusiwa kidokezo kimoja tu, ningechagua hiki. Kinachochoma mapafu mara nyingi ni bakteria wa kinywani wanaoshuka pamoja na mate. Utafiti wa Japani uliotoka mwaka 1999 katika jarida la *Lancet* uliwafuatilia wazee wa nyumba za matunzo kwa miaka 2: waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo, asilimia 11 walipata nimonia, wasiosafishwa hivyo, asilimia 19. Hata asiye na meno asafishwe fizi na ulimi.

5. Usingoje apaliwe. Wapo ambao chakula huingia njia ya hewa na hawakohoi kabisa. Sauti ya majimaji baada ya kula, homa za mara kwa mara, kilo zinazopungua: mpeleke hospitali.

6. Lugha ikipotea, akili ipo. Mwaka 1861, karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpima Leborgne, mtu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka "tan" tu. Alipoulizwa amekaa hospitalini miaka mingapi, alifungua kiganja mara 4, kisha akainua kidole kimoja: 21. Alijua. Baba yako naye anajua. Basi usimfanyie mtihani mbele ya wageni, "Baba, huyu nani? Mtaje!" Zima redio, ongeeni naye mmoja mmoja. Andika CHAI na UJI kwa herufi kubwa, aonyeshe kwa kidole. Anapokwama, mwambie, "Najua unalijua, baba, tutalipata." Aura Kagan wa Toronto amejenga njia nzima ya mazungumzo juu ya heshima hiyo.

7. Tumia salamu, nyimbo na lugha zake zote. Asiyeweza kuomba maji huweza kuitikia "Marahaba", kuhesabu hadi kumi au kuimba wimbo wa zamani. Watafiti wa Boston walichapisha tiba inayotumia mahadhi mwaka 1973. Anzia hapo. Na kama alizoea Kisukuma na Kiswahili, ongea naye zote mbili. Hakuna ajuaye mapema ipi itatangulia kurudi.

8. Miezi 6 imepita na lugha haijarudi? Endeleeni. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa waliopita muda huo walipata tiba ya usemi ya saa 10 au zaidi kwa wiki, kwa wiki 3, na mazungumzo yao ya kila siku yakaboreka.

9. Mtafute mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache kwetu. Shahada ya kwanza ya fani hii Afrika Mashariki ilianza Makerere mwaka 2008. Ukimpata, nenda na video fupi ya simu ikimwonyesha mgonjwa akila, orodha ya lugha anazojua, na maneno ambayo bado anayatamka.