Kelele za Ndege Wilson: Nani Afanye Nini?

Uwanja wa Ndege wa Wilson ulianza kazi miaka ya mwanzo ya 1930, wakati ardhi iliyouzunguka ilikuwa wazi. Leo umepakana na Nairobi West, South C, Lang'ata na Kibra. Ndege za watalii, za mizigo, za mafunzo, helikopta na ndege za wagonjwa hupita juu ya nyumba, shule na zahanati.

Kelele hizo si kero ya masikio tu. Mwaka 1992 jiji la Munich, Ujerumani, lilifunga uwanja wake wa zamani na kufungua mwingine mahali tofauti. Watafiti waliowapima watoto kabla na baada ya mabadiliko hayo waliona kuwa uwezo wa kusoma na kukumbuka uliimarika kwa waliokaa karibu na uwanja wa zamani, ukashuka kwa waliofikiwa na kelele za uwanja mpya.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele. Jedwali hilohilo linaiachia Serikali ya Kitaifa usafiri wa anga. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kifungu cha 102, inaharamisha kelele zinazopita kiwango, lakini kwa kuzingatia Sheria ya Usafiri wa Anga. Kwa hiyo afisa wa kaunti anaweza kuzima spika za baa, ila hawezi kuizuia ndege kupaa. Kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, nao uwanja wenyewe unaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA.

Njia nne za kupunguza kelele

Tangu 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limependekeza njia nne:

1. Ndege zenye mlio mdogo. Pangaboi yenye mabapa mengi inayozunguka polepole hupunguza kelele.
2. Mipango ya ardhi, ili shule na makazi yasijengwe chini ya mapito ya ndege.
3. Namna ya kurusha ndege: kupaa haraka, kushuka bila kuongeza nguvu ya injini ovyo, na kukwepa mitaa yenye watu wengi pale usalama unaporuhusu.
4. Vizuizi vya saa, vinavyotumiwa baada ya njia nyingine kuzingatiwa.

Mashirika ya ndege husikia zaidi lugha ya gharama na sifa. Heathrow, London, hutoza ndege zenye kelele ada kubwa ya kutua, na imewahi kuchapisha orodha inayoyapanga mashirika kwa utulivu wa ndege zao. Wilson, suala la kuanzia ni ndege za mafunzo, ambazo hupaa na kutua mara nyingi mfululizo juu ya mitaa ileile. Mafunzo yanaweza kupangiwa saa maalumu. Safari ya kumwokoa mgonjwa haiwezi.

Wajibu wa kaunti na wakazi

Njia ya pili imo mikononi mwa kaunti, kwa kuwa ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi. Anayejenga karibu na uwanja huhitaji pia idhini ya KCAA kuhusu urefu wa jengo. Ni busara vyumba vya kulala vielekee upande usio na mapito ya ndege, na madirisha yazibwe vizuri.

Mkazi anayelalamika aandike tarehe, saa, aina ya ndege, ilikoelekea na, ikisomeka, namba yake ya usajili, kisha apeleke taarifa hizo KAA na KCAA. "Ndege zinatusumbua" ni lalamiko lisilo na pa kuanzia. Rekodi ya wiki nne kutoka majirani kumi huonyesha ndege ipi, saa ngapi na juu ya mtaa upi. Rekodi hiyo ifikishwe pia kwa mwakilishi wa wadi na kwenye vikao vya maoni ya umma kuhusu mipango ya ardhi.