Nchi Ndogo, Mchezo Mkubwa

Tazameni ramani ya Italia. Karibu na pwani ya mashariki mtaona nukta moja. Hiyo ni San Marino, jamhuri iliyozungukwa na Italia pande zote. Eneo lake ni kilometa 61 za mraba tu, na watu wake hawafiki 40,000. Nchi ndogo hivyo yawezaje kuwa na ligi yake ya besiboli? Kwa hiyo klabu yake, iliyoanzishwa mwaka 1970, hucheza katika ligi ya Italia.

Katika besiboli kila upande una wachezaji 9. Mmoja hutupa mpira, mpinzani huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo mpaka arudi pale alipoanzia. Hapo ndipo apatapo alama moja. Wapigaji 3 wakitolewa, zamu hugeuka.

San Marino hawakwenda kwa jirani kuhesabiwa tu. Mwaka 2008 walitwaa ubingwa wa Italia, wakautwaa tena 2011, 2012 na 2013. Kisha Bologna, klabu ya mji mkubwa, wakaushika miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. San Marino hawakukata tamaa: wakaurudisha 2021, wakaushika tena 2022.

Wachezaji wao si wote wazaliwa wa huko. Wengine hutoka Italia na nchi za Amerika. Basi mdogo hushinda kwa kujua apungukiwacho, na kutoona haya kukitafuta kwa wenziwe.

Maswali
1. Kwa nini San Marino hucheza katika ligi ya Italia?
2. Mchezaji hupataje alama?