Kumfundisha Mbwa Adabu Nyumbani na Shambani

Mbwa wa mkulima hakuwekwa kuwa pambo. Usiku hulinda zizi na banda la kuku. Mahindi yanapokomaa, hufukuza ngedere na nyani. Lakini mbwa asiyefundishwa hula mayai, hukimbiza mbuzi wa jirani, huuma mtoto apitaye njiani kwenda shule. Ndipo bwana wake hulipa fidia izidiyo thamani ya mbwa mwenyewe. Kosa hilo mara nyingi si la mbwa. Ni la mtu aliyengoja mpaka mnyama amekwisha kua, ndipo akakumbuka fimbo.

Anza mapema. Usimtoe mwana-mbwa kwa mama yake kabla hajatimiza majuma 8, kwa kuwa hapo ndipo hujifunza, kwa kucheza na ndugu zake, kwamba ukiuma sana mwenzako huacha kucheza nawe. Tena ujue kwamba tangu juma la 3 mpaka la 12 au la 14 akili yake i wazi mno: kila akionacho kwa amani siku hizo hukihesabu kuwa jambo la kawaida maisha yake yote. Basi mwonyeshe kuku, mbuzi, ng'ombe, watoto, wageni wenye miavuli, baiskeli na pikipiki, polepole, bila kumtisha. Wako wamfungiao gizani mpaka akue, wakidhani kwamba atakuwa mkali. Mbwa huyo hawi mlinzi. Huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye aumaye bila kubagua mwizi na shangazi yako.

Masomo yawe mafupi, dakika 5 tu, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajala. Shika vipande vidogo vya dagaa mkavu, au tonge la ugali lililochovywa katika mchuzi. Ita jina lake, sema "Njoo", na akifika mpe papo hapo; tuzo ikichelewa hata kidogo, hataijua imetolewa kwa sababu gani. Kumfundisha kukaa, inua tonge juu ya pua yake ukilipeleka nyuma kidogo. Kichwa kikiinuka, matako hushuka yenyewe, nawe useme "Kaa" na kumpa. Kumfundisha kuacha, fumba dagaa mkononi, umwache anuse na kulamba. Anaporudisha pua nyuma, sema "Acha", umpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Watu wote wa nyumbani watumie maneno yale yale. Baba akisema "Njoo" na watoto wakisema "Kuja hapa", mbwa hatamsikiliza yeyote.

Liko jambo moja ambalo wakulima wengi hulikosea. Mbwa ametoroka, amekimbiza mbuzi. Bwana wake amwita kwa hasira, na mbwa ajapo hupigwa. Fikiri, mbwa amejifunza nini? Hajui kwamba apigwa kwa ajili ya mbuzi wa nusu saa iliyopita. Ajua kwamba aliitwa, akaja, akapigwa. Ukimwita kesho atasimama mbali akutazame, nawe utamwita mkaidi. Mbwa ajapo, hata kama amechelewa, hata kama moyo wako unachemka, mpokee vizuri.

Kuku na mbuzi wataka subira zaidi. Mfunge mbwa kamba ya hatua 5 au 6, simama mbali na kuku, mahali awezapo kuwatazama asivute. Ita jina lake. Akigeuza kichwa kwako, mpe dagaa. Akianza kuvuta, umemkaribisha mno; rudi nyuma. Kesho sogea hatua mbili. Usimfungue mpaka zimepita siku nyingi bila kuvuta, na hata hapo usimwache peke yake na vifaranga. Wako wamfungiao mbwa shingoni kuku aliyemwua: mzoga waoza, mbwa hajifunzi kitu. Kwa mayai, dawa ni kuyaokota asubuhi na adhuhuri na kuinua viota. Wala usimtupie maganda, usije ukamfundisha mwenyewe utamu wake.

Njiani, kamba ikikazika simama, ikilegea, endelea. Kwa haja, mtoe nje kila aamkapo na kila amalizapo kula, basi.

Usimlishe matumbo, ini wala mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi. Ndani yake huweza kuwamo mifuko ya maji yenye mbegu za tegu mdogo. Mbwa huambukizwa, kisha mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake, na mtu akiyala huota mifuko hiyo hiyo katika ini lake. Vizike virefu au uvichome.

Na kuna ukali ambao masomo hayawezi kuuponya, nao ni kichaa cha mbwa. Mbwa mpole akigeuka mkali ghafla, au mkali akawa mpole mno, akidondosha mate na sauti imebadilika, asikaribiwe na mtu. Mwarifu Bwana Mifugo. Mtu aliyeumwa aoshwe jeraha mara moja kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile kuchanjwa, ingawa jeraha ni dogo. Chanjo hiyo ilijaribiwa kwa mtu mara ya kwanza na Pasteur huko Ufaransa mwaka 1885, nayo huokoa ikitolewa mapema. Dalili zikiisha kutokea, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mwana-mbwa achanjwe atimizapo miezi 3, na arudiwe kila mwaka au kama Bwana Mifugo aagizavyo. Cheti kiweke pamoja na hati za shamba, kwa maana siku mtu akiumwa, ndicho kitakachoulizwa kwanza.