SOMO: NYOKA ASIYE NA NJUGA
Kusoma: Matendo ya Mitume 28:1-6

Katika misitu yenye mawe kule Marekani kuna nyoka wa sumu anayetikisa mkia kama njuga, na anayekuja anasikia na kusimama. Kwetu Nyabiondo, na kote tunaposhuka kuelekea msitu wa Walikale, moma hana njuga. Ni nyoka mnene, wa kichwa kipana, na ngozi yake imefanana na majani makavu anamolala akingoja panya. Pengine atavuma kama mivukuto ya mhunzi. Pengine utamkanyaga mbele ya kusikia lolote. Hapendi ugomvi. Lakini meno yake yanaweza kufika santimetre 5, marefu kupita ya nyoka wote wa dunia.

Paulo kule Malta alikuwa anakusanya kuni, kama mama zetu kila siku. Hakumtafuta nyoka ili aonyeshe imani. Nyoka alitoka katika kuni, naye akamkung'utia motoni. Anayeshika nyoka kwa kujaribu Mungu hafuati Paulo. Na Luka, aliyeandika habari ile, alikuwa tabibu.

Basi tuseme wazi jambo linalotuumiza. Mtu akiumwa na nyoka, wengine wetu wanamlaza kwanza katika chumba cha maombi mpaka asubuhi. Mguu unavimba, damu inakataa kuganda, inatoka hata katika fizi. Kuomba tuombe, lakini tuombe njiani, tipoyi ikiwa begani. Musimchanje, musinyonye kidonda, musikaze kamba. Lile jiwe jeusi ambalo wengi wanalitunza nyumbani ni mfupa uliochomwa, halivuti sumu. Mumutoe pete na bangili, mguu mufunge polepole kwenye kijiti kilichonyooka ili usitikisike, na yeye asitembee. Musipoteze saa mukimfuata nyoka porini.

Dawa yake ni seromu, na si kila kituo cha afya kinayo. OMS yenyewe iliweka sumu ya nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikapanga vifo vipungue nusu mpaka 2030. Sisi tusingoje 2030. Wazee wa kanisa waulize juma hili seromu inapatikana wapi, na wachague vijana watakaobeba usiku. Mama wanaokwenda kuni wachukue fimbo, wagonge majani mbele ya kuingiza mkono.