Kibarua wa Miaka Mitatu

Mweka hazina wa kikundi ndiye wa kwanza kujua kwamba mshahara wa mtu umechelewa. Kabla mwenye nyumba hajabisha hodi, mchango wa wiki umeshakosekana. "Dada, nivumilie mpaka Jumamosi, supavaisa anasema karatasi hazijatiwa sahihi." Jumamosi inapita, inakuja Jumatano. Wenzake wananuna, wengine wanasema huyu ni mjanja, kumbe mwenyewe amelala kwa chai ya rangi.

Kwa hiyo somo la mara hii, ndugu zetu wa vikundi, ni juu ya kazi za kuajiriwa. Vikundi vyetu vingi vya Likoni, Kisauni na Changamwe vinategemea pesa za mtu aliyeajiriwa mahali, hata kama sisi wenyewe tunauza maandazi au tunafuga kuku.

Tuchukue mfano wa kijana wa Likoni. Anaamka saa kumi alfajiri, anavuka na feri, anapanda matatu mpaka Changamwe. Hapo getini watu wamejaa. Msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe kule nyuma. Siku nyingine, ili kidole kikufikie, lazima uwe umemkumbuka kwa kitu kidogo. Kijana huyu amebeba magunia katika godauni hilohilo kwa miaka mitatu. Likizo hana. Akiugua, siku hiyo hana pesa. Muulize yeye ni nani hapo kazini, atakujibu: "Mimi ni kibarua tu."

Neno hili lina historia yake. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi, na jioni alikirudisha akapokea ujira wake. Baadaye jina likahama kutoka kwa karatasi likamshika mtu. Leo wako vibarua wengi waliobaki na jina, na karatasi hawana!

Lakini sheria haisemi "kibarua tu". Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku, na ambaye hakuandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaendelea: akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, mahakama inaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi. Na akishahesabiwa hivyo, hafukuzwi kwa kuambiwa "kesho usije". Anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake.

Mwajiriwa wa namna hiyo ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila baada ya miezi 12. Mama akijifungua ana miezi mitatu, na baba wiki mbili. Mshahara ukikatwa, makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili. Na kabla hujafukuzwa kwa kosa, mwajiri anatakiwa akueleze kosa hilo kwa lugha unayoifahamu, ukiwa na mwenzako wa kazini kando yako.

Hapo mtu atasema, "Hayo ni ya vitabuni, bwana. Mimi nitathibitisha vipi na sina barua?" Swali zuri. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uandikwe, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri asiutoe, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Hata hivyo wewe nawe usiende mikono mitupu. Nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kazi gani, nani alikuwa msimamizi, umelipwa kiasi gani. Ujumbe wa pesa kwenye simu usiufute. Sisi wa vikundi tunaandika mchango wa shilingi hamsini bila kukosea, na siku zetu za kazi tunazibeba kichwani. Afisa wa leba akikuuliza ulianza lini, "zamani kidogo" haitakusaidia. Wala usikae sana: kwa kawaida madai ya kazi hufungwa baada ya miaka 3 tangu jambo litokee.

Sasa tuje kwa woga, maana ndio mzizi. "Nikiuliza nitaondolewa, na nje ya geti wako mia." Ni kweli. Anayeuliza peke yake mara nyingi huondolewa, na sisi hatutamwambia mtu mwenye watoto wanne akawe shujaa peke yake.

Wazee wetu wa Mombasa walilijua hilo. Tarehe 13 Januari 1947 kazi zilisimama mjini: bandarini, reli, hotelini, mpaka wapishi na maboi wa majumbani. Walikuwa kama watu 15,000, na mgomo ulichukua siku 12. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya chakula na vyumba, na mishahara imebaki chini. Walikutana kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Baadaye serikali iliunda baraza la kuchunguza, na nyongeza ikapatikana. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa Baringo, akakaa huko karibu miaka kumi. Tunayataja yote mawili, faida na gharama yake. Siku hizi kuna vyama vya wafanyakazi vinavyokubaliwa na sheria, na Mombasa ina ofisi ya leba na Mahakama ya Ajira. Watu watano wenye madaftari yanayolingana wakienda pamoja, husikilizwa tofauti na mmoja.

Kuna jambo lingine, na hapa tuvumiliane. Sisi nasi ni mabosi. Yule msichana anayekulelea mtoto huko Kisauni wakati uko sokoni, analipwa tarehe ngapi? Anapumzika siku gani? Kijana wa kikundi anayekaa kwenye kioski cha maji, ameandikiwa nini? Tulipouliza katika kikundi kimoja, mama mmoja alicheka: "Huyo ni kama mwanangu, anakula hapa hapa." Haya, mama, lakini mwanao humdai atoke saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku. Sheria ileile tuliyoisoma hapo juu inamhusu na yeye.

Mambo ya kuzungumzia katika kikundi:

Nani kati yetu amefanya kazi mahali pamoja zaidi ya mwezi bila barua? Anaweza kutaja tarehe aliyoanza?

Mwenzetu akichelewesha mchango kwa sababu hakulipwa, tumtoze faini, au tumsaidie kuandika madai yake?

Wale tunaowaajiri sisi, daftari lao liko wapi? Mkutano ujao lije mezani pamoja na lile la michango.